Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya watoto njiti: macho yao nayo yaandikwe kwenye chati

Kwenu mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa wodi za watoto wachanga, nanyi mnaotunga mitaala ya wauguzi na kuchapisha kadi za kliniki.

Salaam.

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29 ya ujauzito, akiwa na gramu 1,180. Kwa wiki saba alilelewa wodini, na kwa wiki zote saba chati iliyoning'inia kwenye inkubeta yake ilijazwa kila baada ya saa tatu bila kukosa: joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi, oksijeni, maziwa mililita ngapi, amekojoa au la, na kila asubuhi uzito. Siilalamikii chati ile. Namba zile ndizo zilizomvusha. Ila katika kurasa zake zote hapakuwa na mstari hata mmoja wa kuandika kwamba leo mtoto amefumbua macho, ameangalia nini, amedumu kwa muda gani, na alipochoka alionyeshaje. Nawaandikia kwa ajili ya mstari huo.

Hospitali siitaji, maana tangu wakati ule nimezungumza na akina mama waliojifungulia kwingine na wengi wamenisimulia yale yale. Tuliruhusiwa kuingia nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Tuliambiwa tusimguseguse mtoto. Nami nusu saa yangu niliitumia yote kujaribu kumfanya anione. Niliinama juu ya inkubeta, nikamwita, nikagonga kidogo kwa kucha, nikachezesha vidole, nikatikisa kichwa. Naye akibahatika kufumbua macho, aliyapeleka pembeni, akakunja uso, akayafumba tena. Siku ya kumi na nne nilitoka nikakaa kwenye ngazi nje ya wodi, nikalia. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba mtoto huyu hanitaki, au haoni, au vyote viwili.

Aliyeniondolea mzigo ule ni muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Mtoto alikuwa ametimiza wiki ya 34 kwa hesabu ya ujauzito, na mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa imeshaondolewa. Muuguzi yule aliniita nje ya ratiba, akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akaniwekea mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, kisha akazima taa ya juu akabakiza ile ndogo ya ukutani.

"Sasa mama, usifanye kitu," alisema. "Usimwite, usimtikise. Kaa naye tu."

Nilikaa. Baada ya kitambo alifumbua jicho moja, halafu la pili. Paji la uso likajikunja kama la mzee anayesoma maandishi madogo. Macho yakapanda taratibu, yakafika kidevuni kwangu, yakapita hadi pale nywele zinapoanzia, yakasimama hapo, kisha yakashuka yakatua machoni pangu. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilifika saba. Akapiga mwayo, vidole vya mkono wa kushoto vikatanuka vyote vitano, kwikwi ikaanza, macho yakaenda zake pembeni.

"Sista, amenikataa tena."

"Hajakukataa, mama. Amekuaga kidogo tu. Msubiri, atarudi."

Alirudi. Safari ya pili nilihesabu hadi kumi na moja.

Waheshimiwa, elimu ninayoiomba kwenu karibu yote imo katika maneno yale ya sista. Wala haikuwa karama aliyozaliwa nayo. Ni ujuzi uliokwishachunguzwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka arobaini, ambao yeye alibahatika kufundishwa na wenzake wengi hawakufundishwa. Heidelise Als, mwanasaikolojia wa Boston nchini Marekani, alianza kueleza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mtoto njiti huzungumza kwa mwili wake kabla hajaweza kuzungumza kwa sauti. Akiwa ametulia, akivuta mikono karibu na mdomo, macho yakiwa maangavu, anasema yuko tayari. Akigeuza macho, akipiga chafya au mwayo usio wa usingizi, akishikwa na kwikwi, akitanua vidole, akipinda mgongo, ngozi ikibadilika rangi, anasema imetosha. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, kutazama uso wa mtu ni starehe. Kwa njiti ni kazi inayogombania nguvu ile ile ya kupumua, kumeza na kutunza joto. Ndiyo maana hutazama kidogo, hupumzika, hutazama tena.

Mzazi asiyeambiwa hayo hufanya kile nilichofanya mimi. Anaona mtoto anageuza uso, anaongeza juhudi. Mtoto anazidi kuelemewa, anageuka zaidi. Mama naye anazidi kuhangaika. Mwaka 1977 mtafiti Tiffany Field aliwaangalia akina mama na watoto wao wa miezi michache, wakiwemo waliozaliwa kabla ya wakati. Akina mama walipoombwa wafanye kila wawezalo kuvuta macho ya mtoto, watoto walitazama pembeni zaidi. Walipoombwa wamwige mtoto tu, wafanye anachokifanya yeye na kwa mwendo wake, watoto waliwatazama zaidi. Soma tena hapo, mkurugenzi. Hakuna kifaa kilichonunuliwa, wala hakuna dawa. Aliyebadili mwendo ni mama, na macho ya mtoto yakarudi.

Najua kuna atakayesema kwamba mtoto wa umri huo haoni, hivyo haya ni mapenzi ya mzazi tu. Niliambiwa hivyo na mtu aliyevaa koti jeupe. Si kweli, na ni kauli inayoumiza. Ni kweli kwamba mtoto aliyezaliwa wiki ya 23 au 24 huweza kuzaliwa kope zikiwa bado zimeshikana. Ni kweli kwamba mboni zake huchelewa kujifunza kujifinya mwanga unapozidi, na hilo huanza kukaa sawa baada ya wiki ya 30 hivi. Lakini kufikia wiki ya 33 au 34 watoto wengi wenye hali nzuri wanaweza kukaza macho kwenye uso au kitu chenye rangi zinazopingana, na kukifuata kikisogezwa polepole. Wanaona vizuri zaidi kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali kati ya uso wa mama na wa mtoto anayenyonya. Robert Fantz alionyesha mwaka 1963 kwamba watoto wenye umri usiozidi siku tano hutazama picha ya uso kwa muda mrefu kuliko duara la rangi tupu. Mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake wakaonyesha kwamba watoto wa siku mbili hadi tano tangu kuzaliwa huzitazama zaidi nyuso zinazowaangalia moja kwa moja kuliko zile zilizotupa macho upande. Binadamu anazaliwa akitafuta jicho la binadamu mwenzake. Njiti naye anazaliwa hivyo hivyo, ila anafika kabla nyumba haijaezekwa, na sisi tunampokea kwa taa kali na kengele.

Niwaombe hapo hapo kuhusu taa na kengele, kwa kuwa ndizo rahisi kuliko yote. Kope za njiti ni nyembamba, hazizuii mwanga kama zetu. Wodi inayowaka mwanga mmoja mchana na usiku haimpi mtoto nafasi ya kufumbua macho bila kuumia. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilishauri tangu 1997 kwamba kelele katika wodi hizi zisipite desibeli 45, kiwango cha maongezi ya chini chini. Wodini kwetu kulikuwa na redio. Kulikuwa na desturi ya kuweka mafaili juu ya inkubeta kwa kishindo, na kufunga kidirisha chake kwa kukibamiza. Kitambaa kizito juu ya inkubeta, taa za kupunguzwa usiku, na mkuu wa wodi anayesema "taratibu jamani" havihitaji kusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Mlango ndio ombi langu kubwa. Mzazi wa mtoto njiti si mgeni wa kuja kuangalia mgonjwa, na saa za kuona wagonjwa hazimhusu. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, Dk. Edgar Rey Sanabria aliyekuwa na inkubeta chache na watoto wengi aliwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na huduma ya mama kangaruu ikaanza. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, walikufa kwa kiwango cha chini kwa robo kuliko waliosubirishwa. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka 2022 na kusema huduma hiyo ianze mapema iwezekanavyo, na iwe kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Saa nane, waheshimiwa. Sisi tulipewa nusu saa mara mbili, tena ya kusimama nje ya kioo.

Kila mtu hutaja uzito na joto anapozungumzia kangaruu, na ni sawa. Mimi naongeza kwamba kifuani ndipo mtoto anapokuwa katika umbali wake wa kuona, mwili umetulia, pumzi inafuata pumzi, nguvu zimebaki za kutazama. Timu ya Nathalie Charpak iliwarudia watoto wa Bogotá walipofikisha miaka ishirini, na mwaka 2017 ikaripoti kwamba waliolelewa kifuani walikuwa na utoro mdogo shuleni, na utundu uliopitiliza na ukali pungufu kuliko wenzao wa inkubeta. Siwezi kusema ni kutazamana peke yake kulikofanya hivyo. Ila mtu anayewafungia wazazi nje kwa sababu ya ratiba ya kupiga deki anapaswa kujua anafunga nini.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa narudia kuufikiria. Marcela Peña na wenzake nchini Chile waliuchapisha mwaka 2014. Waliuliza: mtoto anajifunza lini kufuata macho ya mtu mzima, yaani mama akitazama upande wa mlango, naye atazame mlangoni? Kwa waliotimiza miezi tumboni, uwezo huo huonekana imara kuanzia miezi saba. Je, njiti mwenye afya aliyewahi kuzaliwa atausubiri mpaka ubongo wake ufikie umri wa wenzake? Walikuta sivyo. Njiti wa miezi saba tangu kuzaliwa walifanya kama watoto wa miezi saba waliozaliwa kwa wakati, wala hawakufanya kama wale wa miezi minne ambao kwa hesabu ya ujauzito ndio rika lao. Maana yake ni kwamba siku alizokaa mtoto duniani akiona nyuso za watu zilihesabiwa. Ubongo ulikuwa haujakomaa, lakini ulikuwa unajifunza. Basi zile wiki za wodini, ambazo tumezizoea kuziita za kungoja anenepe, zimo katika hesabu hiyo. Mtoto anaangalia dari, au anaangalia uso. Chochote kati ya hivyo viwili ndicho anachosoma.

Na uso wenyewe uweje? Edward Tronick alieleza mwaka 1978 jaribio lililomfanya ajulikane. Mama anacheza na mtoto wa miezi michache, kisha anaambiwa aukaushe uso wake kwa dakika chache, asicheke, asijibu. Mtoto hutabasamu kumwita, hupiga sauti, hunyoosha mikono, halafu hukata tamaa na kugeuka. Nilipolisoma jaribio hilo nilijiona mimi kwenye kiti cha wodi, nimekaa siku ya tano bila usingizi, uso umekauka kwa hofu. Sikuwa mama mbaya. Nilikuwa nimejifungua ghafla, kidonda kibichi, maziwa hayatoki, na kila mashine ikilia nadhani ni ya mwanangu. Sonona baada ya kujifungua huwapata mama wa watoto njiti zaidi kuliko mama wengine, na kwa muda wote ule hakuna aliyeniuliza nalalaje. Mkitaka mtoto apate uso unaojibu, mtunzeni na mwenye uso. Baba naye aingie, na bibi wa mtoto. Uso si lazima uwe mmoja.

Sasa niseme jambo ambalo halivumilii kucheleweshwa hata kwa siku chache. Mishipa ya damu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, huanza kukua katikati ya jicho karibu wiki ya 16 ya ujauzito na hufika kingoni karibu na siku ya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa mapema mishipa iko njiani. Oksijeni ikizidi huisimamisha, baadaye retina yenye njaa huita mishipa mipya inayoota ovyo, na hiyo ikijivuta huweza kuing'oa retina. Huo ndio ugonjwa wa retinopathi ya watoto njiti. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 uliwapofusha maelfu ya watoto waliookolewa kwa oksijeni isiyopimwa, hadi Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alipoonyesha mwaka 1951 kwamba oksijeni yenyewe ilihusika. Leo tunajua kuipima. Tunajua pia kwamba jicho la njiti lichunguzwe na daktari wa macho karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na kwamba mtoto anayehitaji leza au sindano ana siku mbili tatu tu. Miongozo inataja saa 72.

Mwanangu alitakiwa kuchunguzwa wiki ya nne. Daktari wa macho alikuja siku ambayo jina la mwanangu halikuwa kwenye orodha, na safari yake ya pili ilikuwa baada ya majuma mawili. Nilijua hilo kwa kusikia wauguzi wakizungumza. Mishipa ya mwanangu ilikutwa inakua sawasawa, namshukuru Mungu. Jirani yangu wa inkubeta ya pili aliruhusiwa kwenda nyumbani siku tatu kabla ya daktari kurudi, akiwa na karatasi yenye jina la vitamini na tarehe ya kupima uzito. Tarehe ya macho haikuandikwa. Nilimkimbilia mpaka getini kumwambia. Tafadhali, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati asitoke wodini bila tarehe ya uchunguzi wa macho kuandikwa mahali ambapo mama ataiona, na pawe na mtu mwenye jina lake wa kumpigia simu asipofika. Kazi hiyo isiachiwe mama mwingine anayekimbia korido.

Tukienda nyumbani, ndipo tunapokutana na kadi ya kliniki. Mwanangu alizaliwa wiki 11 kabla ya siku yake. Alipofikisha miezi mitatu kwa kalenda nilimpeleka kliniki. Mhudumu alimtekenya shavu, akampigia makofi, akasubiri. Hakupata tabasamu. Akaniuliza, "Mama, nyumbani mnamchangamsha kweli huyu?" Kisha akaandika kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu: amechelewa. Nililibeba neno lile wiki nne. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba njiti ana umri wa aina mbili, na kwamba kwa mambo kama tabasamu na kukaa, unaondoa kwanza zile wiki alizowahi. Ukiondoa wiki 11, mtoto aliyekuwa mbele ya mhudumu yule alikuwa na wiki mbili. Tabasamu la kumjibu mtu huja karibu wiki ya sita hadi ya nane kwa umri uliorekebishwa. La mwanangu lilikuja wiki ya kumi na saba tangu azaliwe, asubuhi, nikiwa namfunga nepi na wala simwangalii. Nilipoinua macho nikalikuta linanisubiri. Fanyeni hesabu wenyewe muone kama alichelewa.

Mnachapisha kadi upya kila baada ya muda. Wekeni safu mbili za umri, tangu kuzaliwa na uliorekebishwa, na mfundishe kuzitumia mpaka mtoto afike miaka miwili.

Nasema hivyo nikijua kuna hatari upande wa pili pia. "Ni njiti, atafikia tu wenzake" ni sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu, na kuna watoto imewaponza. Mtoto ambaye kwa umri uliorekebishwa wa miezi miwili hakazi macho kwenye uso wala hafuati kitu, ambaye macho yake yanachezacheza bila kutulia, ambaye kwa miezi mitatu hajatabasamu, asiambiwe asubiri. Na jicho likikutwa zima, kazi haijaisha. Wapo watoto ambao jicho halina kasoro lakini njia za ubongo zinazobeba na kusoma picha zilijeruhiwa, kwa sababu sehemu nyeupe ya ubongo, iliyo kando ya vyumba vyenye maji vilivyo ndani ya ubongo wenyewe, ndiyo dhaifu zaidi kwa njiti. Mtoto wa namna hiyo huona leo, kesho kama haoni. Hutambua kitu kikiwa peke yake, hukipoteza kikiwa kati ya vingine. Huitwa mzembe, mkaidi, mwenye kiburi cha kutotazama watu.

Hata wasio na jeraha lolote huweza kutazama kwa namna yao. Susan Rose na wenzake waliwafuatilia watoto njiti katika mwaka wao wa kwanza wakakuta kwamba hutazama kitu kimoja kwa muda mrefu zaidi na huhamisha macho mara chache kuliko wenzao, kwa sababu kuisoma picha moja kunawachukua muda. Anayemwona mtoto amekodolea kitu atadhani ameganda. Huenda bado anasoma. Ukimwonyesha kingine kabla hajamaliza, umemnyang'anya ukurasa. Baadaye, shuleni, kundi hili lina watoto wengi zaidi wenye shida ya kutulia kwenye jambo, wenye wasiwasi, na wanaopata tabu kuingia katika mchezo wa wenzao. Usonji nao huonekana mara nyingi zaidi kwa waliozaliwa mapema sana. Wengi wao watakuwa sawa kabisa, na mzazi anastahili kusikia hilo kwanza. Lakini atakayehitaji msaada aonekane akiwa na mwaka mmoja, wakati mchezo wa kupokezana macho na kuoneshana vitu kwa kidole bado unafundishika kwa mkeka na subira. Kumwona akiwa na miaka saba, ameshapewa jina baya darasani, ni kuchelewa kwetu sisi. Kliniki za njiti zinazofungwa mtoto akifika kilo mbili na nusu zinafunga mapema mno.

Mwaka 2020 walizaliwa duniani watoto milioni 13.4 kabla ya wiki ya 37, karibu mmoja katika kila kumi. Mmefanya kazi kubwa ili waishi, na mimi ni shahidi, maana ninaye mmoja anayenivuta kanga nikiandika haya. Mstari ninaouomba hauchukui nafasi kubwa. Saa, amefumbua macho au la, ametazama uso au kitu, kwa muda gani, ameonyesha nini alipochoka. Aujaze muuguzi, na mzazi afundishwe kuujaza pale muuguzi anapokuwa na watoto kumi na wawili peke yake, jambo ambalo najua linatokea kila usiku na ambalo nalo liko mikononi mwenu. Mama aliyepewa kalamu na kazi hiyo atakaa, atatulia, ataangalia. Na mtoto ataangaliwa.

Usiku ule, niliporudi kitandani kwangu, niliandika nyuma ya risiti ya dawa kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine: wiki ya 34, saa nane usiku, saba, halafu kumi na moja. Kesho yake nilinunua daftari. Lina siku hamsini na tatu, mwisho wake ni siku ambayo alinifuata kwa macho kutoka mlangoni hadi dirishani na nikaacha kuhesabu. Yeyote kati yenu anayekaa kuandaa chati mpya nitampelekea nakala, au nitakuja mwenyewe na daftari lenyewe, siku na saa mtakayopanga.

Wenu,
Mama wa mtoto aliyezaliwa wiki ya 29